Mali hukabidhiwa nani? Mkopo, rangi na wanawake wa Kitale na Bungoma

Unga tunaosongea sima hapa pwani mara nyingi huwa umetoka mbali. Gunia la mahindi linaloshushwa Kongowea huenda lilivunwa zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini, chini ya Mlima Elgon, katika mashamba ya Trans Nzoia ambayo mji wake mkuu ni Kitale, au upande wa Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Sisi walaji hutazama bei tu, tukalalamika, tukanunua. Ni nadra mtu kujiuliza gunia lile lilipita mikononi mwa nani, na katika mikono hiyo ni upi uliobaki na faida.

Ukiingia soko la Kitale asubuhi utaona jambo ambalo halihitaji kuelezwa. Waliokaa chini, mbele ya vichungu vya mahindi, maharagwe na wimbi, wengi wao ni kina mama. Ukiinua macho ukatazama maghala, malori na mashine za kusagia, wenye mali hizo wengi wao ni wanaume. Shika njia ya Kiminini na Kamukuywa, uteremke mpaka Webuye na Bungoma, utaona hali ni ile ile.

Je, ni kwamba mwanamke hajui biashara? Yeyote aliyewahi kubishana bei na mama wa sokoni anajua jibu. Tofauti imetoka mahali pengine. Katika biashara, anayeongoza ni yule anayeaminiwa mali ya watu wengine. Mwenye kukopeshwa hukua. Asiyekopeshwa hubaki na kile alichoshika mkononi. Basi swali kubwa la biashara si nani ana akili ya kuuza, ni nani anayekabidhiwa mali. Katika Kitale na Bungoma swali hilo limejibiwa kwa rangi ya mtu, kisha likajibiwa kwa kuangalia kama ni mume au mke. Habari hiyo inatuhusu hata sisi tulio mbali.

HESABU YA GOROGORO

Kwanza tuielewe biashara yenyewe. Kipimo cha mama wa sokoni ni gorogoro, yaani kopo la kilo mbili, aghalabu lililokuwa la mafuta ya kupikia. Gunia la kilo 90 hutoa gorogoro 40 hivi. Tuseme, kwa mfano, mama ananunua gunia moja na kila gorogoro inamwachia faida ya shilingi 5. Akilimaliza gunia amepata shilingi 200. Katika hizo atoe ushuru wa soko, ujira wa mkokoteni na chakula cha watoto. Kesho yake anaanza upya na gunia moja, kama jana.

Sasa tazama kalenda ya mahindi. Trans Nzoia ina msimu mmoja mkubwa. Watu hupanda Machi na Aprili mvua zinapoanza, na huvuna kati ya Oktoba na Desemba. Wakati wa mavuno kila mkulima anauza, kwa sababu madeni ya mbolea yanamngoja na Januari kuna karo za shule. Mahindi yakawa mengi, bei ikaanguka. Ifikapo Mei au Juni, maghala ya nyumbani yamekwisha na bei imepanda.

Kwa hiyo faida kubwa ya mahindi haiko katika kubeba wala katika kupima. Iko katika kungoja. Aliyenunua magunia 100 Novemba akayaweka mpaka Juni amefanya kazi ndogo kuliko mama wa gorogoro, na amepata mara nyingi zaidi. Lakini wa kungoja ni mwenye ghala na mwenye fedha za kufungia humo miezi saba. Kama fedha hizo si zake, lazima apatikane mtu wa kumwamini. Hapo ndipo njia zinapoachana.

MISAFARA ILIYOKWENDA KWA DENI

Habari ya mkopo katika nchi hizo ni kongwe kuliko reli, na sisi watu wa pwani tumo ndani yake. Katika karne ya 19 misafara kutoka Mombasa na Pangani ilipanda bara kutafuta pembe za ndovu. Mumias, kusini ya Bungoma, palikuwa kituo chao kikubwa, na ni kutoka hapo Uislamu ulipoenea katika sehemu zile.

Misafara hiyo haikwenda kwa fedha za mkononi. Ilikwenda kwa deni. Wenye mtaji walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, nao walitoa nguo, shanga na nyaya za shaba kwa mkuu wa msafara, wakangoja mwaka au miaka arudi na pembe. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyekopeshwa na tajiri Taria Topan. Njia ya Tippu Tip ilikuwa ya Tabora na Kongo, si ya Mlima Elgon, lakini utaratibu ulikuwa mmoja. Hakuweka rehani shamba lenye hati. Alichoweka ni jina lake, ukoo wake na neno lake.

Lakini tusijisifu upesi. Wenyeji wa Kitale husimulia kwamba mahali walipokuja walowezi wakajenga klabu yao, zamani palikuwa kituo cha misafara ya watumwa. Katika biashara ile ile, mtu mmoja aliaminiwa mali na mwingine alihesabiwa kuwa mali. Wala hatuwezi kuizungumza haki ya rangi katika biashara ya bara tukaanzia kwa Mzungu peke yake.

Reli ilipojengwa mnyororo wa deni uliendelea kwa sura mpya. Allidina Visram, aliyeanza biashara yake Bagamoyo na ambaye jina lake tunalijua kwa shule ile ya Mombasa, alieneza maduka yake kandokando ya reli mpaka Uganda kabla ya kufa kwake mwaka 1916. Mwenye duka dogo wa Kihindi kule bara alipata bidhaa kwa mkopo kutoka nyumba kubwa za Mombasa, Nairobi au Kisumu. Aliaminiwa kwa sababu alijulikana: ni mtoto wa fulani, wa jamaa fulani, anasali mahali fulani. Mtu asiye wa jamaa hiyo alikuwa mnunuzi tu.

SHERIA YA SHILINGI 200

Kitale kama mji ulikua baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilipowagawia askari wa Kizungu mashamba kwa mpango wa mwaka 1919. Reli ya tawi ilifika Kitale mwaka 1926. Ardhi ya Trans Nzoia iliwekwa ndani ya zile zilizoitwa Nyanda za Juu za Wazungu. Mhindi aliruhusiwa kuwa na duka mjini lakini si shamba. Mwafrika aliruhusiwa kufanya kazi.

Mlowezi alipata kila mlango wa fedha. Mwaka 1931 ilianza kazi Benki ya Ardhi, iliyokuwa ya kuwakopesha wakulima wa Kizungu. Kilikuwapo pia chama chao cha wakulima, maarufu kwa herufi K.F.A., kilichowanunulia pembejeo na kuwauzia mazao. Mwaka mbaya ukija, benki ilingoja. Hii ndiyo maana ya kuaminiwa: si kupewa bure, ni kungojewa.

Upande wa Bungoma, katika rizavu ya Wabukusu, mambo yalikuwa mengine. Watu wale hawakuwa wavivu wala wageni wa kilimo cha kisasa. Tangu miaka ya 1920 na 1930 walikuwa wakilima kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe, na wengine waliuona utaratibu huo walipokuwa vibarua katika mashamba ya Trans Nzoia. Mahindi walikuwa nayo. Wafanyabiashara nao walikuwapo. Lakini mwaka 1926 ilitungwa sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Kwa mujibu wake, mtu asiyekuwa Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya pauni 10, yaani shilingi 200, bila hati iliyothibitishwa na ofisa wa serikali, hakuweza kulidai deni hilo mahakamani.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya huruma: kumkinga Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake kila mtu anaweza kuyakisia. Tajiri gani wa jumla atatoa magunia ya sukari na marobota ya nguo kwa mtu ambaye sheria yenyewe inasema deni lake halidaiwi? Na benki haikuweza kuchukua ardhi ya rizavu kuwa rehani, kwa kuwa haikuwa na hati. Mtu akawa na ng'ombe, shamba na akili, na bado asikopesheke. Sheria hiyo, kwa sura moja au nyingine, ilidumu mpaka karibu na uhuru.

Hata bei ya mahindi ilikuwa na rangi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali iliposhika biashara ya mahindi mwaka 1942, gunia la mlowezi lililipwa zaidi ya gunia la Mwafrika. Mahindi ni mahindi, lakini mkulima hakuwa mkulima.

Na kama mume hakukopesheka, mke hakutajwa kabisa. Plau ilipoingia, ilikuwa ya mume, na mazao yaliyokwenda kuuzwa yakawa ya mume. Palizi likabaki la mke, na shamba lililolimwa kwa plau lilikuwa kubwa kuliko la jembe la mkono. Yeye aliuza wimbi, vyungu, mboga na kuku, kidogo kidogo, katika masoko yasiyohitaji leseni.

UHURU WAJA, HATI YABAKI

Mwaka 1963 bendera ilipandishwa, na serikali mpya ikaanza kuigeuza meza. Shirika la maendeleo ya viwanda na biashara, I.C.D.C., lilitoa mikopo kwa wafanyabiashara Waafrika. Mwaka 1965 liliundwa shirika la biashara la taifa, K.N.T.C., ili bidhaa kama sukari zigawanywe kupitia kwao. Mwaka 1967 ikaja sheria ya leseni za biashara, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara ya bidhaa fulani na katika sehemu fulani za nchi. Wahindi wengi waliokuwa na pasi za Uingereza walifunga maduka katika miji ya bara wakaondoka, hasa mwishoni mwa 1967 na mwanzoni mwa 1968.

Ni haki kusema pia kwamba si kila Mhindi alikuwa mgeni. Walikuwapo waliochukua uraia, waliozaliwa nchini na wazazi wao wamezaliwa nchini, na bado wakatazamwa kama wapita njia. Sheria ilisema uraia, macho ya watu yakasoma rangi. Dhuluma haiondolewi kwa kuipokezana.

Mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia yalinunuliwa. Mengine yalikatwa vipande kwa mipango ya makazi, mengine yakachukuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, na mengine yakawa ya shirika la serikali la A.D.C. Mikopo ya kilimo ikaja kupitia A.F.C. Mwaka 1964 ikatolewa mbegu ya mahindi chotara kutoka Kitale, mji ambao Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1956. Mavuno yakapanda, na mwenye hati ya shamba akawa mtu wa kukopeshwa mbegu na mbolea.

Lakini hati iliandikwa kwa jina la nani? Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya mwaka 1963 haikumkataza mwanamke. Haikuwa na haja ya kumkataza. Makarani waliandika jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba, kwa mila na kwa mazoea, ni mume. Hivyo ndivyo ile dhamana iliyokuwa ya Mzungu peke yake ilivyohamia kwa Mwafrika, ikaishia kwa mwanamume. Mwanamke akajikuta amesimama pale pale alipokuwa amesimama Mwafrika mwaka 1926: analima, anauza, lakini hakopesheki.

Kiwanda cha sukari cha Nzoia, karibu na Bungoma, kilipoanza kusaga miwa mwaka 1978, jambo hilo lilijitokeza tena. Mkataba wa miwa kwa kawaida huandikwa kwa jina la mwenye shamba, na malipo humwendea yeye. Mke aliyepalilia hawi upande wowote wa mkataba. Mume mwema atagawa. Mume asiye mwema atapotea mjini wiki mbili. Haki ya mtu haifai kutegemea tabia ya mwingine.

Wala haya si ya zamani tu. Shirika la Kenya Land Alliance lilichunguza hati za ardhi zilizotolewa nchini kati ya mwaka 2013 na 2017. Katika hati zaidi ya milioni moja zilizochunguzwa, zilizokwenda kwa wanawake zilikuwa kama asilimia 10 tu. Na tukumbuke kwamba Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kutoa agizo kwamba ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe.

KINA MAMA WAJITAFUTIA MLANGO

Mlango ukifungwa, mtu hutafuta dirisha. Dirisha la kina mama wa Kenya lilikuwa chama. Sisi huku twaujua upatu: watu kumi wachange kila wiki, mmoja achukue zote, mpaka zamu iwazungukie. Katika miaka ya 1960 na 1970 vilipata sifa vile vikundi vya mabati vya mkoa wa kati, ambavyo kina mama walichangiana mpaka kila mmoja akaondoa nyasi juu ya nyumba yake. Kule magharibi nako vyama vilijaa.

Wakati huo mwanamke kwenda benki kuomba mkopo kwa jina lake lilikuwa jambo la kushangaza, na mara nyingi aliulizwa mumewe anasemaje. Mwaka 1977 Mary Okelo alikuwa mwanamke wa kwanza nchini kuwa meneja wa tawi la benki ya Barclays. Aliyaona hayo kutoka upande wa pili wa meza. Mwaka 1981 yeye na wanawake wenzake wenye taaluma mbalimbali walianzisha Kenya Women Finance Trust, shirika la kuwakopesha wanawake. Fikira hiyo ilitokana na mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake uliofanywa Mexico mwaka 1975, ambapo kilio cha mikopo kilisikika kutoka nchi nyingi.

Utaratibu uliokuja kuenea ni wa kikundi kuwa dhamana. Wanawake wanaojuana wanakaa pamoja, wanaweka akiba, mmoja anakopeshwa na wengine wanasimama nyuma yake. Asipolipa, wanalipa wao. Badala ya hati ya shamba, dhamana ikawa ni ujirani. Kwa njia hiyo maelfu ya kina mama waliokuwa hawajulikani benki walikopa na wakalipa.

Hata hivyo tusilifanye dirisha kuwa mlango. Mkopo wa kikundi ni mdogo na unataka kulipwa upesi, wiki kwa wiki. Unamfaa mwenye kuuza nyanya, ambaye fedha yake inarudi jioni. Haumfai anayetaka kununua mahindi Novemba na kuyauza Juni, kwa maana wiki ijayo atadaiwa na mahindi bado yako ghalani. Tena mmoja akikimbia, aliye mwaminifu ndiye anayeuza mbuzi wake kumlipia. Kwa hiyo mkopo wa chama umewafanya wengi kuwa wachuuzi wazuri, na wachache sana kuwa wenye maghala.

Serikali nayo imejaribu. Mwaka 2007 ulianzishwa mfuko wa biashara za wanawake. Mwaka 2013 iliagizwa kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali zitengewe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini mwenye kupata zabuni ya kupeleka maharagwe shuleni lazima kwanza ayanunue maharagwe hayo, kisha angoje kulipwa. Asiye na mtaji huishia kumwuzia mwenye mtaji karatasi yake. Na wako wanaume waliojua kutumia jina la mke katika fomu, biashara ikabaki yao.

Pengine sheria mbili ambazo hazikupigiwa ngoma ndizo zenye maana zaidi. Ya mwaka 2017 inaruhusu mali inayohamishika, kama ng'ombe, mashine au mazao, kuwekwa rehani. Ya mwaka 2019 ni ya stakabadhi za ghala: mtu anaweka mahindi yake katika ghala lililoidhinishwa, anapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo aweza kuikopea fedha huku akingoja bei. Zikitumika kwa wingi, mama wa Kitale ataweza kungoja kama anavyongoja tajiri, bila kuulizwa hati ya shamba ambayo hana. Neno kubwa hapo ni zikitumika.

RANGI BADO INA NENO

Mtu atasema: basi, la rangi limekwisha, limebaki la jinsia. Halijaisha.

Mwaka 2006 Mmarekani Andrew Youn, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara katika chuo kikuu cha Northwestern, alianzisha shirika la One Acre Fund huko Bungoma. Kazi yake ni kuwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea kwa vikundi, kuwafundisha upandaji, na kuwaachia walipe kidogo kidogo. Lilianza na familia zipatazo 40, likakua mpaka kufikia nchi nyingi za Afrika. Wakulima wengi wamefaidika, na kina mama wengi wamo. Hatulitaji kwa lawama.

Tunalitaja ili tuulize swali. Kukopeshana kwa vikundi ndiyo kazi ambayo vyama vya kina mama wa magharibi vilikuwa vikiifanya miaka mingi. Elimu ya mtu aliyesoma kilimo na biashara inaongeza mengi, hilo ni kweli. Lakini kama mwenyekiti wa chama kimoja cha Kimilili angalikwenda Marekani na daftari lake kuomba mtaji wa kueneza kazi yake nchi nzima, ni nani angalimfungulia?

Katika kampuni changa, zile za kutumia simu na kompyuta kuuza bidhaa na huduma, hali inaonekana kwa hesabu. Uchunguzi wa Viktoria Ventures ya Nairobi ulionyesha kwamba kati ya kampuni changa za Kenya zilizopata zaidi ya dola milioni moja mwaka 2019, zilizoongozwa na wenyeji zilikuwa asilimia 6 tu. Soko ni la Kenya, wateja ni wa Kenya, na fedha zinamfuata mgeni.

Si lazima mwenye fedha awe na chuki. Anamwamini anayefanana naye, aliyesoma alikosoma yeye, anayezungumza kwa lafudhi anayoifahamu. Ni desturi ile ile ya nyumba za Wahindi wa zamani zilizowakopesha jamaa zao, na ya meneja wa benki aliyemwona mume akamwona mtu, akamwona mke akamwona mke wa mtu. Hakuna sheria inayomkataza mwingine. Anaachwa tu nje, na kila aliye ndani ana sababu nzuri ya kueleza.

NA SISI JE?

Msomaji wa pwani anaweza kuyasoma haya akashukuru kwamba kwetu ni tofauti. Kwa upande mmoja ni kweli. Bibi Khadija binti Khuwailid, Mungu amwie radhi, alikuwa mfanyabiashara wa Makka mwenye mali yake. Alitafuta mtu wa kupeleka bidhaa zake Sham, akamkabidhi kijana asiye na utajiri, Muhammad (S.A.W.), kwa sababu watu walimjua kwa uaminifu. Aliyetoa mtaji alikuwa mwanamke, na dhamana ilikuwa tabia. Fakihi wameuweka utaratibu wa namna hiyo kwa jina la mudharaba: mmoja atoe mali, mwingine atoe kazi, na faida wagawane kwa mapatano.

Tena sharia inasema wazi kwamba mali ya mwanamke ni yake. Mahari yake ni yake, fungu lake la mirathi ni lake, na kuolewa hakumwondolei milki. Ndiyo maana katika Mji wa Kale wa Mombasa wanawake walimiliki nyumba kwa majina yao, wakaziuza, wakazirithisha, na wengine wakaziweka wakfu. Waislamu wa Kenya waliiona sharia hiyo kuwa na thamani hata wakaomba waachiwe mirathi yao, na marekebisho ya mwaka 1990 yakawaondoa katika sheria ya jumla ya urithi.

Lakini kupewa na kitabu si kupewa na ndugu. Ni dada wangapi pwani hii ambao mafungu yao yamo katika minazi au nyumba ya marehemu baba, na mpaka leo kaka ndiye anayekusanya? Akiuliza, huambiwa asivunje ukoo. Hati iko kwa jina la marehemu, miaka 20 imepita, na dada hawezi kuiweka dhamana wala kuuza fungu lake. Yeye na mama wa Bungoma, mmoja ana haki iliyoandikwa na mwingine hakuwa nayo kwa mila, wamefika sokoni wakiwa sawa: mikono mitupu.

Na mabenki ya kufuata sharia yaliyoanza Kenya mwaka 2008 yamewaondolea wengi hofu ya riba. Ni neema. Lakini biashara yao nyingi ni murabaha, benki kununua kitu na kukuuzia kwa faida, na dhamana inayoulizwa mara nyingi ni ile ile hati. Mudharaba ya Bibi Khadija, ya kumtazama mtu kabla ya kutazama shamba lake, bado inangojea wenye moyo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chama cha kina mama, Kitale au Kisauni, kina daftari. Ndani yake mmeandikwa nani alichanga kila wiki kwa miaka kumi, nani alikopa, nani alilipa mvua ikinyesha na jua likiwaka. Hakuna hati ya shamba inayoweza kusema habari za mtu kwa ukweli kama huo. Kama tunatafuta wa kukabidhiwa mali, majina yao yamo mle kitambo. Kilichobaki ni mwenye fedha kulifungua daftari hilo na kulisoma, na kaka kulitoa jina la dada yake kabatini.